Rimoti ya treni isije Uganda kumwondoa dereva

Ujenzi wa reli mpya ya umeme kutoka Malaba hadi Kampala ulizinduliwa Tororo mwezi Novemba 2024. Ni njia ya kilomita 272, kwa mkataba wa euro bilioni 2.7 uliopewa kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki. Tangu siku hiyo mjadala wetu umekuwa wa fedha, fidia ya mashamba na mwendo wa treni, na hayo yote ni ya msingi. Swali moja halijapewa nafasi yake: ndani ya yadi, pale mabehewa yanapokatwa na kuunganishwa, nani ataendesha kichwa cha treni, na atakuwa amesimama wapi wakati anakiendesha?

Naliuliza sasa kwa sababu huko Amerika Kaskazini lilijibiwa na kampuni za reli kwanza, wafanyakazi wakabaki wakigombana juu ya jibu. Tangu mwaka 2002 vichwa vya treni visivyo na mtu ndani vimekuwa jambo la kawaida katika yadi kubwa za Marekani, na Kanada ilikuwa imeanza miaka kadhaa kabla. Anayeviendesha yuko chini, kando ya reli, na kisanduku cha rimoti kifuani. Vifaa hivyo vinauzwa dunia nzima. Mkandarasi anayeandaa orodha ya vifaa vya yadi mpya anaweza kuviingiza kwa mstari mmoja tu, na mstari huo ukapita bila mbunge wala chama cha wafanyakazi kuutilia maanani.

Kwa asiyeijua kazi ya yadi, treni ya mizigo huwa haifiki ikiwa imepangwa. Mabehewa ya ngano, klinka (malighafi ya saruji), mafuta na makontena hufika yamechanganyika, na kila moja lina kwake pa kwenda: hili linashushwa kwenye ghala la Good Shed, lile linateremka bandari ya Port Bell, jingine linapelekwa karakana ya Nalukolongo kwa kuwa gurudumu lake limekula vibaya. Kichwa kimoja cha treni hushinda kikisukuma na kuvuta, mbele na nyuma, hadi kila behewa lipate njia yake. Dereva yuko juu, katika chumba chake. Chini yupo mtu wa kuunganisha mabehewa, anayetembea juu ya kokoto na mataruma akiwa na bendera mchana, taa usiku, na siku hizi redio ya mkononi. Mara nyingi kichwa kiko nyuma na mabehewa yako mbele, kwa hiyo dereva anasukuma kitu ambacho mwisho wake haoni. Macho yake ni yule wa chini. Anapomhesabia redioni, "Bado mabehewa matatu, mawili, moja, nusu, simama," pengine kuna mtu mwingine ameinama kati ya viungio viwili vya chuma, na uhai wake unategemea neno hilo la mwisho lisikike.

Rimoti inawafanya watu hao wawili kuwa mmoja. Kisanduku chenyewe huvaliwa kwa mikanda mbele ya kifua au kiunoni. Kina kishikio cha mwendo na kishikio cha breki, pamoja na vitufe vya honi, kengele na kumwaga mchanga relini magurudumu yanapoteleza. Mawimbi ya redio yanaingia kwenye kompyuta iliyofungwa ndani ya kichwa cha treni, nayo ndiyo inayoongeza nguvu ya injini au kushika breki. Mawasiliano yakikatika kwa sekunde chache, treni inajisimamisha. Mwenye kisanduku akianguka na kisanduku kikalala upande, mlio wa onyo unatoka kwanza, na asipojibu breki zinashika na ishara ya hatari inatumwa kwa wenzake. Mwendo wake kwa kawaida hauzidi maili 15 kwa saa, yaani kama kilomita 24.

Wazo lenyewe lina akili. Anayeona ndiye anayepiga breki. Hakuna tena neno la kupotea katikati, hakuna "nilidhani umesema njoo". Mtu yeyote aliyewahi kusikiliza redio mbovu ya yadini, sauti ikikatika mvua inaponyesha juu ya mabati, anaelewa kwa nini jambo hilo lilionekana kuwa ukombozi. Mamlaka ya Reli ya Shirikisho ya Marekani, FRA, katika taarifa yake ya awali ya mwaka 2004, ilieleza kuwa kiwango cha ajali za treni katika shughuli za rimoti kilikuwa chini kwa asilimia 13.5 kuliko shughuli za kawaida, na kiwango cha wafanyakazi kuumia kilikuwa chini kwa asilimia 57.1. Watetezi wa rimoti huzishika tarakimu hizo kwa mikono miwili, na mtu mkweli hawezi kuzipuuza.

Lakini zitazamwe vizuri. Ni takwimu za miezi saba tu ya mwaka 2003, zikitegemea kwa sehemu kubwa taarifa za kampuni za reli zenyewe. Tena ni za yadi za Marekani: yadi zenye uzio, taa, mataruma yanayokaguliwa, na wafanyakazi ambao wakiumia kuna sheria inayowapa nguvu ya kuishtaki kampuni na kulipwa fedha za kweli. Kampuni inayojua itashtakiwa hununua pia viatu, taa na muda wa mafunzo. Ukichukua asilimia 57.1 ya Marekani ukaibandika kwenye yadi ya Afrika Mashariki, umechukua matokeo ukaacha nyumbani kilichoyaleta.

Na hata huko damu ilimwagika. Desemba 2003, katika yadi ya San Antonio, Texas, mfanyakazi aligongwa na kuuawa na kichwa cha treni alichokuwa akikiendesha mwenyewe kwa rimoti. Miaka ishirini baadaye, Septemba 2023, katika yadi ya Walbridge, Ohio, fundi wa mabehewa aliuawa na treni iliyokuwa ikiendeshwa kwa rimoti. Vifo viwili havithibitishi kuwa rimoti ni mbaya kuliko dereva; yadi za zamani ziliua watu pia, tena wengi. Vinachoonyesha ni kwamba hatari imehama mahali. Zamani dereva alikuwa ndani ya chuma na mwenzake peke yake ndiye aliyekuwa chini. Sasa anayeendesha naye yuko chini, anatembea, anakwepa swichi za kubadilisha njia ya reli, anatazama kisanduku, anatazama behewa, anatazama mahali pa kuweka mguu. Akili moja imepewa kazi ya akili mbili, na miguu yake iko mahali palepale magurudumu yanapopita.

Kuna jambo jingine ambalo tarakimu hazilibebi. Dereva mzoefu anaijua treni kwa mwili wake. Anasikia kupitia kiti mabehewa yanapobanana na yanapoachana, anajua mzigo wa mabehewa kumi ya klinka unavyosukuma mgongoni tofauti na kumi matupu, anasikia injini ikikohoa kabla taa ya hitilafu haijawaka. Mwenye kisanduku, mita mia mbili kutoka hapo, anachagua mwendo na kompyuta inamtafutia. Siku kompyuta inapokosea, au breki zinapokuwa zimechoka, yeye atajua treni ikiwa tayari imempita.

Sasa tuingie kwenye ugomvi wa kazi, maana hapo ndipo Waganda tuna la kujifunza zaidi. Kampuni kubwa za Marekani zilipoamua kuleta rimoti, zilikabiliwa na vyama viwili. BLE kilikuwa cha madereva wa treni. UTU kiliwakusanya hasa makondakta na wale wa chini wanaounganisha mabehewa. Kampuni zikaenda kwa UTU na kukubaliana kuwa kisanduku watavaa wanachama wake. BLE wakasema hiyo ni kazi ya dereva na imeibwa. Walipotaka kugoma, mahakama ya Chicago ikauzuia mgomo mwanzoni mwa 2002, na Januari 2003 jopo la usuluhishi likaamua kwamba kampuni hazikuvunja mkataba. BLE wakageukia halmashauri za miji, na baadhi, Baton Rouge ya Louisiana ikiwemo, zikapitisha maazimio dhidi ya treni hizo kwa hoja ya usalama. Maazimio hayo hayakuzirudisha nyuma kampuni. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru: vyama viwili vilipigania nani avae kisanduku, na swali la kwa nini mtu wa pili aondoke likapita bila kupiganiwa na wote kwa pamoja.

Malalamiko makubwa ya madereva yalikuwa juu ya mafunzo. Dereva wa treni huko hupitia miezi mingi ya kusoma na kuendesha chini ya macho ya mkufunzi. Mwenye rimoti alipitishwa kwa wiki mbili hivi. Huo ndio ulikuwa uchumi halisi wa jambo lile. Kampuni ziliondoa mshahara wa mtu aliyesomeshwa kwa muda mrefu na kuweka mshahara wa mtu aliyesomeshwa kwa muda mfupi, au kupunguza kikosi cha watu watatu kuwa wawili. Usalama ulitajwa kwanza kwenye matangazo, na akiba ndiyo iliyolipia vifaa.

Hesabu hiyo ukiileta Uganda inapinduka. Mshahara wa dereva wa Marekani ukiondolewa, gharama ya kisanduku na kompyuta yake hurudi mapema. Mshahara wa dereva wetu wa yadi ni mdogo mno kulinganishwa na huo, na kifaa kinanunuliwa kwa dola, vipuri kwa dola, fundi wa kampuni iliyokitengeneza anakuja kwa dola. Vichwa vingi vya reli yetu ya upana wa mita moja ni vya zamani, na kuvifungia kompyuta ya kudhibiti nguvu ya injini na breki ni kazi ya upasuaji. Reli ambayo kwa miaka imekuwa na vichwa vilivyosimama karakana kwa kukosa vipuri haina sababu ya kujitafutia aina mpya ya kipuri cha kukosa. Anayesema rimoti itaokoa fedha hapa aonyeshe hesabu yake kwa shilingi za Uganda.

Halafu kuna watu walio kwenye reli. Simama mtaa wa Namuwongo, Kampala, asubuhi uone. Reli inapita katikati ya makazi, na njia ya reli ndiyo barabara ya miguu ya maelfu wanaokwenda kazini Industrial Area. Mama ametandaza nyanya hatua mbili kutoka kwenye chuma. Watoto wa shule wanatembea juu ya mataruma kwa sababu pembeni kuna tope. Treni ikija, dereva anapiga honi mfululizo, anapunguza, anachungulia dirishani, anapiga tena honi kwa yule kijana mwenye vipokea sauti masikioni. Watu wanamjua kwa uso. Dereva huyo aliyekaa juu, anayeona mbele kupita vichwa vya watu, ndiye uzio pekee ambao reli ile inao.

Nalitaja hilo kwa sababu kila rimoti inapozungumzwa, mtu hutaja Australia. Ni kweli kwamba Rio Tinto inaendesha treni zake za madini ya chuma huko Pilbara bila dereva ndani. Safari ya kwanza ya kufikisha mzigo ilikuwa Julai 2018, na treni hizo, zenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili, zinasimamiwa kutoka Perth, umbali wa kilomita 1,500 hivi. Ni ufundi wa kustaajabisha. Lakini Pilbara ni jangwa, reli ni ya kampuni, na hakuna mtu anayeuza nyanya kando yake. Teknolojia ya mahali pasipo na watu haiwezi kuwa hoja ya mahali palipojaa watu.

Jambo la breki linanigusa zaidi, kwa kuwa eneo letu limelilipia kwa gharama kubwa. Tarehe 24 Juni 2002, Igandu, mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyopata shida ya breki ikipanda kilima ilirudi nyuma yenyewe, ikaongeza kasi, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Miaka kumi na moja baadaye, Julai 2013, huko Lac-Mégantic, Kanada, treni ya mafuta iliyokuwa na dereva mmoja tu iliachwa usiku juu ya mteremko ikiwa na breki za mkono zisizotosha. Ikateremka mjini na kuua watu 47. Ajali hizo hazikusababishwa na rimoti. Ninazitaja kwa sababu zote mbili ni za uzito wa treni na breki zisizouweza, na hakuna kisanduku kinachoponya breki mbovu. Kinatuma amri tu. Anayetii amri ni hewa iliyo ndani ya mabomba, na bomba likivuja amri haifiki. Pia Lac-Mégantic inaonyesha mtu mmoja anaweza kufanya nini usiku akiwa peke yake amechoka: anafunga breki chache, anakwenda kulala, na hakuna wa pili wa kumwambia, "Ngoja, hizi hazitoshi."

Mawimbi ya redio nayo hayana mwenyewe asipowekwa. Januari 2008, mjini Łódź, Poland, kijana wa miaka 14 alitengeneza upya rimoti ya televisheni akaitumia kugeuza swichi za tramu. Tramu nne zikatoka relini na watu 12 wakaumia. Agosti 2023, nchini humohumo, watu walirusha ishara ya redio ya kusimamisha treni, ishara ya zamani isiyo na ulinzi wowote, na treni takriban ishirini zikasimama. Rimoti za kisasa za yadi hufungwa kwa namba maalumu, kisanduku kimoja kwa kichwa kimoja, na hilo ni kinga ya maana. Hata hivyo, iwapo visanduku hivyo vitaletwa Kampala, masafa yake ya redio lazima yatengwe na kulindwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda kabla ya kisanduku cha kwanza kuwashwa, na asiwepo mtu wa kuvinunua vikiwa vimetumika kwingine kwa sababu bei ni nzuri.

Baada ya kusema yote hayo, kuna mahali ningeiweka rimoti hata kesho. Port Bell. Reli inateremka hadi ukingoni mwa Ziwa Victoria na kuishia kwenye daraja la kupakilia, na mabehewa yanaingizwa moja kwa moja ndani ya meli yenye reli sakafuni. Yanaingia upande huu na upande ule kwa zamu ili meli isilalie ubavu. Dereva anasukuma kutoka nchi kavu; haoni ndani ya meli, haoni mahali daraja linapokutana na sitaha, haoni jinsi meli inavyoshuka kwa sentimita behewa la kwanza linapokanyaga. Anategemea mkono wa mtu aliyesimama mlangoni. Hapo, mtu mwenye kisanduku akisimama ndani, akaona gurudumu na ukingo kwa macho yake, akasogeza behewa kidogokidogo na kulisimamisha papo hapo, rimoti inafanya kazi iliyozaliwa kuifanya. Na dereva abaki juu, ndani ya kichwa cha treni, mkono karibu na breki yake. Watu wawili, kila mmoja na uwezo wa kusimamisha treni. Hapo usalama umeongezeka kweli, kwa kuwa jicho limeongezwa na hakuna lililotolewa. Karakana ya Nalukolongo nayo ingefaidika kwa namna hiyohiyo pale vichwa vinapoingizwa na kutolewa kwa mwendo wa kinyonga.

Huo ndio mstari ninaouchora: kisanduku kije kumsaidia mtu wa pili, kisije kuwa sababu ya kumfukuza.

Wapo watakaosema ninalinda vibarua vichache vya yadi wakati nchi inahitaji reli nafuu ishushe bei ya mizigo kutoka Mombasa. Nakubali kuwa nchi inahitaji reli nafuu. Lakini ughali wa mizigo yetu umetokana na njia mbovu, vichwa vilivyokufa na makontena yanayosubiri Malaba, na katika hayo yote dereva wa yadi hana hatia. Tena tunajua kupunguza wafanyakazi kulitufikisha wapi. Reli ilipokabidhiwa Rift Valley Railways mwaka 2006 kwa mkataba uliotarajiwa kudumu miaka 25, tuliambiwa kikosi kidogo na menejimenti mpya vitaleta ufanisi. Mkataba haukufika nusu ya muda wake; kufikia mwanzoni mwa 2018 reli ilikuwa imerudi mikononi mwa Shirika la Reli la Uganda. Watu walikuwa wamekwishaondoka, na ujuzi wao uliondoka nao. Fundi aliyeijua injini kwa mlio wake hakurithisha mlio huo kwa yeyote.

Na yadi ndiyo shule. Hili nalisisitiza kwa sababu wahasibu hawalioni. Dereva anayekabidhiwa treni ya mizigo kutoka Malaba, kuvuka daraja la Nile pale Jinja na kuingia Kampala, alijifunza uzito wa treni yadini, kwa mwendo mdogo, makosa yakiwa madogo. Ukifuta kiti cha yadi umefuta darasa la kwanza, na baada ya miaka kumi utakuwa unatafuta madereva wa njia kuu nje ya nchi huku vijana wa Tororo waliosoma ufundi wakiendesha bodaboda.

Sheria tunazo, kama zitatumika. Katiba, ibara ya 40, inampa mfanyakazi haki ya mazingira salama ya kazi na haki ya kujiunga na chama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtwisha mwajiri mzigo wa kumlinda mfanyakazi. Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo inamtaka mwajiri anayepanga kuachisha watu kumi au zaidi ndani ya miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi au kiteknolojia awajulishe Kamishna wa Kazi na wawakilishi wa wafanyakazi, aeleze sababu, idadi na muda. Udhaifu uko kwingine: yule aliyeajiriwa kupitia wakala, kwa mwezi au kwa siku, haachishwi kazi, haitwi tu tena. Hofu yangu kubwa kuhusu rimoti Uganda ni kisanduku kuning'inizwa kifuani mwa kibarua wa wakala aliyepewa siku chache za mafunzo, kwa posho ya kibarua, halafu ajali ikitokea aitwe mzembe.

Kwa hiyo chama cha wafanyakazi wa reli kisingoje vifaa vifike. Kidai sasa, wakati reli mpya bado ni udongo unaosawazishwa, makubaliano ya maandishi na Shirika la Reli na Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi kwamba yeyote atakayevaa kisanduku awe na cheti cha udereva wa treni na alipwe kama dereva. Kwamba hatafanya kazi peke yake, hasa usiku. Na kwamba rimoti haitatumika nje ya yadi yenye uzio. Madereva na wale wa chini waingie chumba kimoja cha mazungumzo, wasije wakaitwa mmoja mmoja kama ilivyokuwa Marekani. Wabunge wa kamati ya miundombinu nao waombe orodha ya vifaa vya yadi ya reli mpya na waisome mstari kwa mstari.

Tena waulize kuhusu ile ishara ya kuanguka. Mwenye kisanduku akianguka saa nane usiku mwishoni mwa yadi, treni itasimama na ishara itatumwa. Mkataba useme ishara hiyo inapokelewa na nani, yuko umbali gani, na gari la wagonjwa linaingilia lango lipi.